Maswali ya Wasomaji: Wazo la Mchezo wa Kompyuta Hufikaje Sokoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha sita mwaka jana. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha, na tangu utotoni nimekuwa nikiwaza mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji anaongoza jahazi lenye shehena kutoka Kilwa hadi Lamu, akienda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Nimekwisha kujaza madaftari mawili ya bandari, wahusika na visa vyao. Naomba kujua michezo ya namna hii hutengenezwaje tangu wazo hadi kuuzwa, na ni kampuni gani inayoweza kununua wazo langu kabla halijaibwa.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokutia hofu. Wazo peke yake haliuziki, na kwa sababu hiyo hiyo ni nadra kuibwa. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania ikiwamo, hulinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, yaani maandishi, michoro, muziki na msimbo wa programu, yaani maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyafuate. Fikra tupu hazimo. Tena watengenezaji wa michezo huwa na mawazo mengi kuliko watakayoweza kuyatimiza, na wanachopungukiwa ni muda na watu wa kuifanya kazi. Yatunze madaftari yako, lakini usiyatafutie mnunuzi.

Kinachofuata ni mfano wa majaribio, na hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi, kwa sababu daftari haliwezi kukuambia kama kuendesha jahazi lako kunafurahisha. Chora bahari kwenye karatasi ya miraba, weka kokoto mahali pa jahazi, rusha dadu kuamua upepo unavumia wapi, kisha mwite mwenzako acheze. Ikiwa kubisha dhidi ya upepo kunamchosha baada ya zamu tatu, umelijua hilo kwa gharama ya karatasi moja. Baadaye ulihamishie jaribio hilo kwenye kompyuta, jahazi likiwa pembetatu nyeupe na upepo ukiwa mshale, bila muziki, bila Lamu, bila hata kisa cha babu yako. Ikiwa mtu ataomba kuirudia safari ya pembetatu hiyo, unao mchezo. Asipoomba, badili kanuni za upepo ujaribu tena.

Kielelezo kizuri ni mchezo wa kompyuta uitwao Celeste. Mwaka 2015 Maddy Thorson na Noel Berry walitengeneza kwa siku nne mchezo mdogo wa kupanda mlima wakitumia PICO-8, programu ya kutengenezea michezo midogo ambayo kioo chake kina nukta 128 kwa 128 na rangi 16 tu. Kiini cha mchezo kamili, uliotoka Januari 2018, kilikuwa tayari humo: kuruka, kujisukuma kutoka ukutani na kuchomoka hewani. Muda uliobaki ulitumika kukuza na kusafisha. Katika Celeste kamili, mchezaji aliyechelewa kubonyeza anaweza bado kuruka hata baada ya mguu kuacha ukingo wa jabali, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Wachezaji wengi hawatambui kwamba wamesaidiwa. Wanachohisi ni kwamba mchezo unawatendea haki. Jambo kama hilo hupatikana kwa kujaribu, kurekebisha na kujaribu tena, na sidhani kama lingeweza kupangwa kwenye karatasi.

Mfano ukikubalika, ndipo huanza utengenezaji wenyewe. Katika kampuni kubwa kazi hugawanywa kati ya waandika programu, wachoraji, wahuishaji (wanaozifanya picha ziende), waandishi, watunzi wa muziki na wajaribu, na huweza kuhusisha mamia ya watu. Wewe utaanza na injini ya mchezo, yaani programu iliyokwisha kubeba kazi ngumu za kuonyesha picha, kutoa sauti na kukokotoa mwendo. Injini iitwayo Godot hutolewa bure pamoja na msimbo wake, nayo inatosha kabisa kwa jahazi lako.

Hatari kubwa ya kipindi hiki ni ukubwa wa kazi. Eric Barone alihitimu masomo ya kompyuta nchini Marekani mwaka 2011, akakosa ajira, akaanza kutengeneza mchezo wa kilimo ili kujiimarisha katika C#, lugha ya kuandikia programu. Alidhani ungemchukua miezi michache. Mchezo huo, Stardew Valley, ulitoka tarehe 26 Februari 2016, baada ya takriban miaka minne ya kuandika msimbo, kuchora na kutunga muziki na mazungumzo peke yake, huku akijikimu kwa kibarua cha kuwaongoza watazamaji kwenye viti vyao katika ukumbi wa Paramount mjini Seattle. Watu hupenda kusimulia kwamba hadi Desemba 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala milioni 41. Mimi ningependa uitazame ile miaka minne. Hata hivyo kuna mambo aliyoyaahirisha: kucheza pamoja na wenzako kuliongezwa mwaka 2018. Nawe basi anza na bandari mbili, shehena moja na msimu mmoja wa upepo. Kaskazi inaweza kusubiri.

SWALI: Mhariri mpendwa, sisi ni marafiki watatu tunaokaribia kumaliza mchezo wa simu. Tutajuaje kwamba uko tayari, na kuutoa kunagharimu nini?
Wasomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu zangu, hakuna mchezo unaotoka bila hitilafu hata moja, kwa hiyo zigaweni. Zile zinazouzima mchezo ghafla au kufuta hatua alizohifadhi mchezaji lazima ziishe. Zile zinazokera zipungue. Zile mnazoziona ninyi watatu tu, ziacheni. Ili kuzitambua, wapeni simu watu msiowajua, kaeni nyuma yao, na msiseme neno hata wakikwama. Mkishaeleza, jaribio limeharibika, kwa kuwa wachezaji wenu wa baadaye hawatakuwa nanyi begani. Jaribuni pia kwenye simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo, na mpunguze ukubwa wa faili, maana bando ni fedha.

Kuhusu gharama, akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja tu, ya Apple dola 99 kila mwaka, na Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila mchezo, fedha ambazo hurudishwa mchezo ukishaingiza dola 1,000. Tovuti ya itch.io haitozi kitu kupakia. Wengi hukwamishwa na jambo jingine: akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play hudaiwa kwanza jaribio la faragha lenye wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Watafuteni watu hao sasa, kabla hamjatangaza tarehe.

Na tarehe yenyewe msiipange kwa sababu ya sikukuu. Mwaka 1982 kampuni ya michezo ya Atari ilimpa mtengenezaji wake Howard Scott Warshaw wiki zipatazo tano tu kutengeneza mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya jina hilo, ili uwahi Krismasi. Uliwahi, lakini mamilioni ya nakala hayakununuliwa, na mwaka uliofuata shehena za bidhaa za kampuni hiyo, nakala za E.T. zikiwamo, zilifukiwa katika jalala la Alamogordo, New Mexico, zilikofukuliwa mwaka 2014. Ikiwa siku 14 za majaribio zitafichua hitilafu ya kundi la kwanza, irekebisheni, mwarudishie wajaribu wale wale, kisha ndipo mchague siku.