Kila asubuhi najiambia naweza, lakini moyo unakataa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, mume na watoto wawili. Nasomea uhasibu jioni baada ya kazi, na huu ni mwaka wa 4. Kati ya mitihani 13 nimefaulu 6 tu. Ule wa ukaguzi wa hesabu nimeufeli mara 2, na wenzangu wengi tulioanza pamoja wameshamaliza. Rafiki yangu alinishauri niwe nasimama mbele ya kioo kila asubuhi niseme, "Mimi naweza, mimi ni mshindi." Nasema, lakini nikigeuka najiona mwongo. Mume wangu ananitia moyo sana, ingawa sijamwambia kwamba na mara ya pili nimefeli. Anadhani matokeo bado hayajatoka. Nifanye nini nijiamini?

Nimechoka Kujidanganya

*

Marahaba, mwanangu.

Kuanzia kesho, kioo kiwe cha kuchania nywele. Rafiki yako alikutakia mema, lakini dawa aliyokupa haimfai kila mgonjwa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, waliwapa watu sentensi ya kujisifu wairudierudie. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wakijidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuambiwa waseme chochote. Mimi sishangai. Mdomo ukisema "mshindi", moyo nao unauliza, "Na ule mtihani wa ukaguzi?" Basi unaanza siku kwa kushindwa kesi uliyoifungua mwenyewe.

Tena wewe ni mtu wa hesabu! Mkurugenzi akikuambia, "Niamini, ghala limejaa," utaandika kwamba limejaa? Utaomba vielelezo, halafu utaingia ghalani ukahesabu. Moyo wako unakufanyia hivyo hivyo kila asubuhi, nawe unaulaumu kwa kuifanya kazi yake. Usiuambie uamini. Upelekee vielelezo.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1977, alisema imani ya mtu kwamba ataweza kazi fulani ina vyanzo vinne: mambo aliyokwisha kuyafanya mwenyewe, kuwaona wengine wakifanya, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili wake. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Maneno matupu hayakai. Tukio moja baya linayafuta. Na angalia, nimesema kazi fulani. Ukiniuliza utajiaminije maishani, sina jibu, na ninawaogopa kidogo wanaojidai wanalo. Niulize utajuaje kwamba unaweza kujibu swali la ukaguzi kwa muda uliopangwa. Hilo lina jibu.

Jibu lake ni kuliandika, saa ikiwa mezani. Hukuniambia unasomaje, lakini nabahatisha: umechoka kutoka kazini, watoto wamelala, unafungua kitabu, unasoma sura, unapiga mistari ya rangi, kesho yake unairudia. Sura ikishazoeleka unadhani umeielewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilichunguza hilo kwa wanafunzi. Baadhi walisoma maandishi yaleyale tena na tena; wengine walisoma mara chache, wakafunika, wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima waliwaacha mbali. Kilichonifurahisha ni hiki: waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Kwa hiyo huko kujiamini unakokulilia kunaweza kukudanganya hata kukija. Usikufukuzie sana.

Tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Chukua swali moja, si mtihani mzima, ulijibu kitabu kikiwa kimefungwa, kisha ulisahihishe bila huruma. Tenga daftari: tarehe, swali, alama ulizopata, kilichokuangusha. Mara za kwanza litakutia aibu. Andika tu, maana daftari lisilo na hasara hata wewe hungeliamini. Ukifika swali la ishirini utaona kama tatizo ni muda, au ni kutoelewa swali linataka nini, au kuna sura fulani hujawahi kuishika kabisa. Hivi sasa unachojua ni kwamba "umefeli", na hilo halikupi pa kuanzia. Kama wasimamizi wa mitihani yenu hutoa maoni ya watahini, yasome kabla ya kitu kingine chochote.

Na ile 6 iwe ukurasa wa kwanza wa daftari hilo. Uliniandikia "6 tu", kana kwamba ni deni. Mitihani hiyo uliifanya ukiwa na kazi, mume na watoto wawili. Sikusifu, nakukumbusha kuingiza mapato kwenye vitabu. Kuhusu wenzako waliomaliza, sijui wao jioni zao zilikuwaje, wala wewe hujui, basi tuwaache.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipitisha haraka nisiione. Mumeo hajui.

Mimi naona uongo unaousikia ukigeuka kutoka kwenye kioo uko hapa zaidi kuliko kwenye yale maneno. Akikuambia, "Utafaulu tu, mama watoto," hakuambii wewe. Anamwambia mke anayesubiri matokeo, na mke huyo hayupo nyumbani. Ndiyo maana maneno yake mazuri hayakuingii. Kila mara yanagota kwenye ile siri. Chanzo cha tatu cha Bandura umejizibia kwa mkono wako. Wazee walisema mficha uchi hazai, na walikuwa na adabu zao zote.

Mwambie leo, watoto wakishalala. Usizunguke sana: "Matokeo yalitoka. Nimefeli tena. Niliona haya kukuambia." Usimwombe msamaha kwa kufeli, hilo si kosa. Mwombe kwa kumficha. Anaweza kununa, na ana haki ya siku mbili tatu. Baada ya hapo muombe kitu mahususi kuliko kutiwa moyo: jioni mbili kwa wiki ambazo watoto ni wake kuanzia chakula hadi kulala, na wewe ukiwa chumbani na swali lako na saa yako.

Utajiuliza pia kama uendelee au uache. Si wiki hii, matokeo yakiwa bado mabichi. Kaa na mumeo mpange mapema: utafanya ule mtihani mara ya tatu kwa njia hii mpya, na kama alama hazikusogea kabisa mtazungumza upya, pengine uanze na mingine iliyobaki kama taratibu zenu zinaruhusu, pengine upumzike mwaka. Kuacha kwa mpango uliowekwa akili ikiwa imetulia hakuna aibu. Kinachouma miaka mingi ni kuacha usiku mmoja kwa hasira.

Siku ukipata matokeo hayo ya tatu niandikie, yawe mazuri au mabaya. Ila mwambie mumeo kwanza.

Shangazi