Jibu: Kindi anapanda nguzo ya kilishio, usiku panya

Habari mkuu. Nimekusoma: kilishio cha ndege (chombo cha kuwekea chakula chao) kiko juu ya nguzo, umepaka grisi lakini kindi bado anapanda, na usiku panya wanaokota chini.

Futa hiyo grisi leo. Ikishika manyoya ya ndege haitoki, na ndege hawezi tena kuruka vizuri wala kujikinga na mvua.

Kisha chukua futi ya kupimia, upime nafasi kuzunguka nguzo. Kindi huruka wima zaidi ya mita 1, na kwa mlalo karibu mita 3. Nguzo ikiwa karibu na uzio, ukuta au tawi kuliko hapo, ihamishe kwanza, la sivyo kizuizi chochote ni kazi bure, atashukia juu. Baada ya hapo ivalishe nguzo bomba la bati lenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa 60, ncha ya juu ikae mita 1.5 kutoka ardhini. Ziba juu! Ukiacha wazi atapanda kwa ndani na kutokea kwenye chakula. Usilikaze pia, liyumbeyumbe.

Panya wanafuata makombo tu. Mchanganyiko wa mbegu ndio mbaya zaidi, kwa sababu ndege huchagua na kutupa wasizopenda. Weka alizeti iliyomenywa peke yake, kiasi cha kuisha kabla ya magharibi, na ufagie chini.

Sumu usiguse: bundi akila panya aliyeilamba, naye yuko hatarini.