Kuchagua fremuweki ya huduma za wavuti: tazama hifadhidata kabla ya kasi

Ndugu, umeuliza uchukue fremuweki ipi (yaani msingi wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao huduma hujengwa juu yake) kati ya Django na FastAPI za Python, Express ya JavaScript na Spring Boot ya Java, ili kujenga huduma ya kupokea oda na kutunza kumbukumbu za malipo, huduma itakayotumiwa na programu ya simu pamoja na tovuti. Umesema mko watu watatu, wawili mnaijua Python vizuri na mmoja anaijua JavaScript, na umeambatisha chati ya majaribio ya kasi inayoiweka Django mkiani. Nimefanya kazi na huduma za aina hii kwa miaka mingi, nyingine nikizijenga tangu msingi na nyingine nikizirithi kutoka kwa watu waliokwisha kuondoka, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, na nitaanza na hiyo chati kwa sababu inawapotosha wengi.

Majaribio mengi ya namna hiyo hupima ombi linaloingia na kurudishiwa maneno machache, basi. Huduma yako haitafanya kazi hivyo. Karibu kila ombi la maana litakwenda kwenye hifadhidata, na mengine yatakwenda kwenye seva ya mtoa huduma ya malipo, na huko ndiko muda utakakoishia. Kila nilipopima huduma iliyolalamikiwa kuwa ni nzito, nilikuta fremuweki yenyewe imechukua sehemu ndogo tu ya muda wa ombi, na sehemu iliyobaki yote ilikuwa ni kusubiri.

Chukua orodha ya oda 50, kila moja ikionyesha jina la mteja. Katika Django, ukiandika Oda.objects.all()[:50] kisha ukazipitia oda moja moja ukisoma oda.mteja.jina, ORM, yaani sehemu inayotafsiri msimbo wako kuwa maswali ya hifadhidata, itaiuliza hifadhidata mara moja ili kupata orodha, halafu mara moja tena kwa kila oda ili kumpata mteja wake, jumla mara 51. Ukiongeza select_related("mteja"), majedwali hayo mawili yanaunganishwa ndani ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na swali linabaki moja. Hibernate, ORM ya Java ambayo watumiaji wengi wa Spring Boot huitegemea, ina tatizo hilo hilo, na utalikuta katika karibu kila ORM inayoleta data pale tu inapoguswa. Mtu anayehama kutoka fremuweki "nzito" kwenda "nyepesi" bila kuyaona maswali yake 51 atahama nayo.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza fremuweki imeniamulia mambo gani, na mambo gani imeniachia niamue mwenyewe. Django ilitolewa kwa umma mwaka 2005 baada ya kuzaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ambako tovuti zilitakiwa kukamilika kwa kasi ya chumba cha habari, na asili hiyo bado inaonekana: inakuja na ORM, mfumo wa kuingia kwa nenosiri, paneli ya usimamizi, na utaratibu wa kubadilisha muundo wa majedwali. Huo wa mwisho ndio ninaouthamini kuliko yote. Unabadilisha modeli, yaani maelezo ya jedwali ndani ya msimbo, unatoa amri ya makemigrations, na Django inaandika faili ya mabadiliko inayokaa pamoja na msimbo wenu, hivyo kila mmoja wenu, na seva pia, atakuwa na muundo uleule wa hifadhidata. Paneli ya usimamizi nayo isidharauliwe, kwani katika huduma yenye malipo, mtu wa hesabu atataka kuona kumbukumbu fulani siku ileile mtakapoanza kazi, na itawachukua muda mrefu kumjengea ukurasa wake kwa mikono.

FastAPI, iliyoanzishwa na Sebastián Ramírez mwaka 2018, ni kazi nzuri sana. Inakagua data inayoingia kwa kutumia Pydantic, maktaba ya ukaguzi wa data, na inatoa maelezo ya API, yaani njia ambazo programu nyingine huitumia huduma yenu, kwa muundo wa kawaida uitwao OpenAPI bila ninyi kuyaandika. Lakini hifadhidata ni juu yenu: mtachagua maktaba ya kuongea nayo, pengine SQLAlchemy, mtaongeza Alembic kwa ajili ya mabadiliko ya majedwali, na mtaamua wenyewe jinsi watumiaji watakavyoingia. Kila uamuzi kati ya hiyo unahitaji watu watatu wakubaliane na kuutunza. Kuna pia jambo moja linalowanasa hata wazoefu. Ukiiandika kazi (function) kwa async def, namna ya Python inayoruhusu kazi nyingine ziendelee wakati hii inasubiri, kisha ndani yake ukaita maktaba ya kawaida inayosubiri, kwa mfano requests inayotuma maombi kwa seva nyingine, mchakato mzima wa seva unasimama hadi jibu lirudi, na maombi ya watu wengine yanangoja nyuma yake. Ukiiandika kazi hiyohiyo kwa def peke yake, FastAPI inaipeleka kwenye nyuzi (threads) za pembeni na wengine wanaendelea kuhudumiwa. Tofauti ni neno moja, na kwenye kompyuta yako ukiwa peke yako hutaiona kamwe.

Kwa Express, zingatia toleo. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2014 na la 5 likaja 2024, kwa hiyo mafunzo mengi utakayoyakuta yanahusu la 4, ambalo halikuweza kuzinasa hitilafu zinazotokea ndani ya kazi ya async. Ombi lilibaki linaning'inia, au mchakato wa Node, kinachoendesha JavaScript kwenye seva, ukafa. Toleo la 5 linazipeleka hitilafu hizo mahali pake. Spring Boot ni imara na siipingi, ila hakuna hata mmoja wenu aliyesema anaijua Java.

Jambo ambalo chati haigusi kabisa ni miaka inayofuata. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, ilidai Java 17 na kubadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta. Nilihamisha huduma moja niliyoirithi, na kubadilisha majina hakukuwa shida. Kazi kubwa ilikuwa maktaba ndogondogo ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuziacha. Tangu hapo, kabla ya kupokea fremuweki yoyote, nahesabu maktaba za nje nitakazozihitaji na kuangalia kila moja ilisasishwa lini. Django ina matoleo yanayotunzwa kwa takriban miaka 3, la 5.2, lililotoka Aprili 2025, litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028.

Sasa, malipo. Haya hayatakuja yenyewe na fremuweki yoyote. Simu yenye mtandao hafifu itatuma oda ileile mara mbili, kwa hiyo programu ya simu itengeneze namba ya kipekee kwa kila oda na hifadhidata iwekewe sharti la kutoipokea namba hiyo mara ya pili. Kukagua ndani ya msimbo peke yake hakutoshi, kwa sababu maombi mawili yanaweza kukagua kwa wakati mmoja na yote yakakuta nafasi iko wazi. Fedha zihifadhiwe kwa DecimalField, inayotunza desimali kamili, kamwe si kwa float, inayozikadiria tu. Django huhifadhi kila badiliko papo hapo usipoiambia vinginevyo, kwa hiyo oda na malipo yake viwekwe ndani ya transaction.atomic ili vikubaliwe pamoja au vikataliwe pamoja. Na maktaba ya requests haina ukomo wa muda usipouweka, maana yake seva ya malipo ikinyamaza, yako nayo itanyamaza.

Kwa hali uliyoieleza, ningechukua Django 5.2 pamoja na Django Ninja, maktaba ya kuongezea Django ambayo inawapa ukaguzi wa Pydantic na maelezo ya OpenAPI kama yale ya FastAPI, na mwenzenu wa JavaScript atayatumia maelezo hayo kuandaa upande wa tovuti bila kuwasubiri. Kama bado mna shaka, jengeni njia moja tu ya API, ile ya kupokea oda na malipo yake, kwa Django na kwa FastAPI. Kisha ongezeni safu wima (column) moja kwenye jedwali la oda lenye data tayari, tumeni oda moja mara mbili kwa pamoja, na izimeni hifadhidata katikati ya ombi, mwone kila upande unawarudishia nini.