Mama na ukoko wake

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Mbagala, tumepanga vyumba viwili mimi na mume wangu na mtoto mmoja. Mwezi wa tatu sasa mama yangu yuko hapa, katoka Pangani kuja kutibiwa macho, na kwa kweli nilifurahi maana miaka yote namuomba aje anakataa. Shida iko jikoni. Nina gesi ya plate mbili na lile sufuria la umeme la wali, nikirudi kazini natia tui la paketi, nusu saa watu wanakula. Mama hataki hata kuliona. Kaenda Rangi Tatu kanunua mbuzi na jiko la mkaa, saa kumi keshakaa koridoni anakuna nazi, kubandika mpaka aswali magharibi kwanza, moshi kila mahali wapangaji wenzangu wameanza maneno, na wali ukiiva mtoto keshalala. Mume wangu nikimwambia anacheka tu, eti muache mama. Halafu ukoko wote mama anamwekea yeye, kwenye kibakuli kaufunika na sahani, ukiwa wa kahawia umeshikana kama kipande cha kashata, nikiuliza naambiwa we si unapenda wako wa umeme. Nifanyeje bila kumkwaza?

JIBU

Marahaba mwanangu, mama mpe pole ya macho. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikacheka peke yangu, maana moshi umeutaja juu juu ila ukoko umeueleza mpaka rangi yake! Kumbe kinachokuuma ni kibakuli.

Ila kwenye moshi una haki, tena sana. Mtu anatibiwa macho halafu anainamia jiko la mkaa koridoni, hapo hata mimi ningesema. Mwambie hivo hivo, "mama, daktari atatugombeza", usimtaje mpangaji wala nani. Jiko likae nje uani, liwashwe huko lipikiwe huko, na usiku lisiingizwe chumbani hata kama mkaa unaonekana umeisha, ule mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, watu wanalala hawaamki.

Mbuzi muachie. Mimi nimekua na bibi aliyekuwa hakai kiti mchana kutwa ila mbuzi anakaa saa nzima, mguu mmoja kaukunja, kifuu anakizungusha kwenye meno ya chuma taratibu, na sisi wajukuu tumepanga foleni tunaiba nazi kwenye sinia, tukipigwa mkono tunacheka. Machicha ya kuku. Hakuna mtu alikua na haraka, hata njaa ilikua inasubiri. Sasa mama yako hapo mjini hana shamba hana jirani wa kumwita, macho yenyewe hayaoni vizuri, mikono ndo inajua kazi, wewe unamletea paketi... atafanya nini toka asubuhi mpaka urudi?

Kwa hiyo mgawane. Yeye akune na kukamua saa kumi hiyohiyo, tui zito alitenge pembeni, la pili lile jepesi ndo mchele uanze nalo. Kubandika bandika wewe kwenye gesi ukifika, maji yakikaribia kukauka mimina tui zito, funika, kisha weka kile chuma cha chapati chini ya sufuria na moto uushushe mwisho kabisa. Mama akitaka kupalia sufuria lipelekwe huko huko uani, aweke makaa machache juu ya mfuniko, ye mwenyewe ndo ajue yanatosha. Ukoko utatoka. Atasema si kama wa mkaa, atasema kila siku, na wewe itikia tu, ni kweli si kama wa mkaa, mimi mwenyewe nakubaliana naye.

Mumeo naye asile bure. Akitoka kazini apitie sokoni alete nazi mbili, kila moja aitikise sikioni kwanza, isiyocheza maji airudishe. Na sufuria likiepuliwa wewe ndo ushike upawa.