Madogo wa maabara ya sola, mbona mnarudia makosa yale yale?

Wiki hii nimepishana na mmoja wenu koridoni anakimbia na grafu, ati seli yake ya silikoni imetoa mkondo wa umeme wa 48 mA kwa sentimita mraba. Nikamwambia kaa kwanza, kunywa maji. Kwa mwanga wetu wa kupimia silikoni haivuki 44 hivi hata uisomee dua, hiyo ya juu ni mwanga ulioingilia pembeni.

1. Maski, yaani kibamba chenye tundu kinachozuia mwanga wa pembeni usifike kwenye seli. Weka. Basi.

2. Wefa, kile kipande chembamba cha silikoni, ikitoka kwenye HF (asidi ya haidrofloriki) usiende kuchati, oksidi uliyoiondoa inaanza kurudi. Na jeli ya kalsiamu glukoneti, ile ya kupaka HF ikikuunguza, ikae mezani, sio kabatini halafu ufunguo anao mtu yuko likizo!

3. Joto. Hapa nina kovu. Nilikuwa nalinganisha resipe mbili za kuchoma seli tanuruni, seli za resipe mpya nikazipima asubuhi AC inapuliza mpaka umevaa sweta. Mchana umeme ukakatika, ukarudi, AC ikagoma, na mimi nawahi daladala ya Mbagala kabla foleni haijaanza, nikazipima za zamani hivyo hivyo jasho linadondokea kibodi. Voc (volti ya seli isipounganishwa na kitu) ya resipe mpya ikawa juu kwa milivolti 18. Nikajua nimetoboa. Slaidi nikapamba, maneno mazito ya haidrojeni kuziba kasoro, nikasimama mbele za watu na tai. Profesa akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, seli zilikuwa na joto gani?" Kimya. Silikoni inapoteza kama milivolti 2 kwa kila digrii, kwahiyo digrii 9 tu zinatosha kuzaa ugunduzi wangu wote. Tukarudia zote kwenye digrii 25, tofauti ikayeyuka. Kumbe nilichogundua ni AC.

4. Koleo za chuma zisiguse wefa inayoenda tanuruni, chuma kidogo tu kikishaingia ndani elektroni hazifiki popote.

5. Anayeandika kwenye proposo kwamba silikoni peke yake itageuza asilimia 35 ya mwanga kuwa umeme aifute mwenyewe kabla sijaiona, ukomo wa kinadharia ni 29.4, na kampuni ya Kaneka ya Japani walishafika 26.7 mwaka 2017, yaani kilichobaki ni kugombania makombo. Mi naona kwa Dar tuhangaike zaidi na joto. Paneli juu ya bati saa saba mchana inafika digrii 60 bila shida, na kwa seli za kawaida kila digrii juu ya 25 inakula kama asilimia 0.4 ya nguvu yake, piga hesabu mwenyewe. Zile zenye tabaka la silikoni amofasi (isiyo na mpangilio wa fuwele) juu zinapoteza kidogo zaidi ya nusu ya hapo, nani anataka kuzifanyia tisisi?

Na aliyechukua themokapo, ile waya ya kupimia joto, kwenye droo ya pili airudishe leo.