Kabla Hujaichora Nia Yako kwenye Ngozi

Ukitaka tatuu iwe sehemu ya maisha yako ya kiroho, usichore ombi. Chora ahadi. Ombi lina mwisho wake: ukichora haja ya kazi au mchumba, siku ikijibiwa, au ikishindikana kabisa, unabaki na alama isiyo na shughuli. Ahadi unaweza kuzeeka nayo.

Wengi huanzia kwenye sijili, yaani alama unayoibuni mwenyewe ili ibebe nia yako. Njia inayofuatwa zaidi ilitokana na Austin Osman Spare, msanii wa Uingereza aliyefariki mwaka 1956: andika unachotaka, futa herufi zinazojirudia, unganisha zilizobaki ziwe mchoro mmoja, ukazie nia, kisha usahau. Hapo kwenye kusahau ndipo tatuu inapogoma. Utasahau vipi kitu unachokiona kila unapooga? Kwa hiyo sijili zangu za haja huishia kwenye karatasi, na karatasi huishia motoni. Ngozi nimeiachia jambo ninalotaka nikumbushwe kila siku, nipende nisipende.

Alama yangu iko upande wa ndani wa kifundo cha mkono: duara lenye mwanya mmoja. Ni ahadi ya kutomjibu mtu nikiwa na hasira. Asubuhi naipitishia kidole, nataja ahadi kimoyomoyo, basi. Mchana vidole vikianza kuandika ujumbe mkali, duara liko palepale linanitazama. Kama ina nguvu, naiona hapo, na wala sioni haya kusema kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni mazoea.

Thailand wanalielewa hili kuliko wengi wetu. Sak yant, tatuu yao ya jadi ya ulinzi, huchorwa na mtawa wa Kibudha au mwalimu mlei, mara nyingi kwa maandishi ya kale ya Kikhmer, huku dua zikisomwa, na anayechorwa huondoka na masharti: asiibe, asizini, na mengine kutegemea mwalimu. Inaaminika kwamba akiyavunja, nguvu ya alama hupungua. Katika hekalu la Wat Bang Phra, mkoani Nakhon Pathom, wenye alama hizo hukusanyika kila mwaka kuwaenzi walimu wao na kuzihuisha. Anayepiga picha mchoro huo na kwenda kuuiga kwa fundi yeyote amechukua wino, masharti ameyaacha.

Alama za kuazima zichunguze kwanza. Vegvísir, ile dira ya Iceland inayouzwa kila mahali kama ya Waviking, inatoka kwenye hati iliyokusanywa mwaka 1860, karne nyingi baada ya Waviking. Haimaanishi ni mbovu. Hati yenyewe inasema aibebaye hatapotea katika dhoruba. Lakini ujue ulichovaa. Baadhi ya runi, herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya, zilitumiwa na Wanazi, na wapo watakaokusoma hivyo. Moko, tatuu ya jadi ya Wamaori wa New Zealand, ni nasaba ya mtu na ukoo wake, kwa hiyo iache.

Kisha ijaribu. Ichore kwa hina mahali ulipokwishachagua, ikififia uirudie, kwa miezi kadhaa. Ukianza kuona uvivu wa kuirudia, umepata jibu bila kulipia. Tumia hina halisi, ile ya rangi ya kahawia au nyekundu; “hina nyeusi” mara nyingi imetiwa kemikali ya kupaka nywele na inaweza kuunguza ngozi.

Mahali pa kuiweka pana uzito wake. Wakristo wa Kikopti wa Misri huchora msalaba kwenye kifundo cha mkono, pale jicho lao na la mwenzao linapoufikia. Ahadi ikikaa mgongoni, wanaoiona ni watu wengine tu.

Siku yenyewe, usifunge. Najua kufunga kunaonekana kunaendana na tendo takatifu, lakini tumbo tupu na sindano huangusha watu. Kula vizuri, funga siku nyingine. Usikubali majivu wala mitishamba ichanganywe kwenye wino, na hakikisha sindano inafunguliwa mbele yako, maana homa ya ini aina ya B na C hupita kwa njia hiyo. Kama makovu yako huwa yanavimba na kukua, muone daktari wa ngozi kwanza. Fundi si lazima aamini unachoamini. Mwombe ukimya tu. Wiki mbili hadi nne za kupona mimi nazihesabu kuwa sehemu ya ibada: kuosha taratibu, kutokuna, kukwepa jua na kuogelea.

Na kama dini yako inakataza (Walawi 19:28 imewagawa Wakristo, wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza tatuu), lizungumze kabla, maana alama inayokutia hatia kila ukiitazama haitakusaidia kuswali wala kusali.

Watu hubadilika, na ahadi pia. Mwanga wa leza hufuta tatuu kwa awamu nyingi zinazopishana wiki kadhaa, na ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka. Mimi nilimwambia fundi aache nafasi tupu kuzunguka duara, ili nikihitaji kuongeza mstari pawe na pa kuuweka.