Je, Sarafu Zilianza kwa Wajerumani?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika baraza letu hapa Mikindani, mzee mmoja tunayemheshimu alitueleza kwamba kabla ya Wajerumani watu wa Pwani ya Kusini hawakujua sarafu, bali walibadilishana vitu kwa vitu. Mwanangu wa sekondari anasema Kilwa ilikuwa na sarafu zake. Nani kati yao asadikiwe? Pia marehemu bibi yangu aliokota kisarafu cha shaba ufukweni Kilwa Kisiwani, nasi tunacho mpaka leo. Tukifanyeje?
Msomaji wa Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao asadikiwe, ingawa kauli ya mzee wetu ina chanzo chake. Neno «hela» limetokana na heller, sarafu ambayo serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianza kuitoa mwaka 1904, heller 100 zikiwa sawa na rupia moja. Mtu aliyekua akisikia neno hilo kila siku sokoni ni rahisi kudhani kwamba kitu chenyewe nacho kilifika siku moja na jina lake.

Hata hivyo, Kilwa ilikuwa ikitoa sarafu si chini ya miaka 800 kabla ya heller. Zamani watafiti walimweka Ali bin al-Hasan, mtawala ambaye jina lake limo katika sarafu nyingi za Kilwa, karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ambamo sarafu zenye jina lake zilikutwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, ukoo uliotawala Misri, na kwa kuwa dinari hizo zina tarehe, ikabidi mtawala huyo arudishwe nyuma hadi karne ya 11.

Nyingi za sarafu za Kilwa ni vipande vidogo vya shaba visivyo na mwaka, lakini maandishi yake ya Kiarabu yangemfurahisha mshairi yeyote wa pwani yetu. Upande mmoja una jina la mtawala, «Ali bin al-Hasan», na upande wa pili unasema kwamba anamtumainia Mola Mwenye neema, «mawla al-minan», hivyo kwamba anayeigeuza sarafu kiganjani husoma mishororo miwili yenye kina kimoja. Mimi sijui fedha nyingine iliyonigusa kama hii, kwa sababu waliotengeneza chenji ya matumizi ya kila siku waliona hata hiyo inastahili kutungwa.

Nasema chenji kwa makusudi. Sarafu hizo zimeokotwa kwa wingi Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Mafia, na chache sana mbali na hapo, jambo linaloonyesha kwamba zilikuwa fedha za nyumbani, ilhali biashara kubwa ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika Msumbiji ya leo, ya pembe za ndovu, vitambaa na shanga, iliendelea kwa mali kubadilishwa na mali. Kwa hiyo mzee hakukosea kuhusu kubadilishana vitu. Alikosea kudhani kwamba penye mtindo huo sarafu haiwezi kuwapo.

Chache hizo zilizosafiri zimezua mjadala. Moja, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala msafiri Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa mwaka 1331, ilikutwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine 5 ziliokotwa mwaka 1944 na askari wa Australia, Maurie Isenberg, katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo. Wako wanaotangaza kwamba hizo zinathibitisha kuwa mabaharia wa Kilwa walifika Australia. Natamani ingekuwa hivyo, lakini ushahidi haufiki huko, kwa maana pamoja nazo ziliokotwa sarafu 4 za Kiholanzi za miaka ya baadaye sana, na sarafu kuukuu huweza kudondoshwa na mtu aliyeishi karne nyingi baada ya kutengenezwa kwake. Isenberg aliziweka katika kopo, na ilipofika mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitambuliwe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, kwa kuwa sarafu peke yake haisemi ni nani aliyeiacha wala lini. Mambo ya kale nchini mwetu yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, kwa hiyo kisarafu cha bibi msikiuze wala msikisugue kwa ndimu au mchanga ili king'ae, kwani maandishi yatafutika. Andikeni sasa hivi, wakati bado wapo wanaokumbuka, ni upande gani wa kisiwa na mwaka gani bibi alikiokota, kisha mkipeleke pamoja na karatasi hiyo kwa wahifadhi wa magofu ya Kilwa.